Betri ya Grieta

Karavani yetu ni ndogo: kitanda kinachogeuka viti, jiko la gesi, na sinki la kuoshea kikombe kimoja kimoja. Tuliinunua kwa mkulima wa Tulbagh, huku kwetu Afrika Kusini, mwaka niliostaafu udereva wa lori la matunda. Mimi na mke wangu Grieta tukazunguka nayo kila tulipotaka, hadi daktari aliponiambia nilale na mashine.

Pumzi hunikatika usingizini. Mashine inanisukumia hewa puani kupitia barakoa, na inataka umeme usiku kucha. Betri ya zamani ya karavani, ile ya maji, iliweza kuwasha taa na kuendesha pampu, lakini ikifungiwa mashine ilikwisha kabla ya alfajiri. Mara ya mwisho tulipoijaribu, kule milima ya Sederberg, Grieta alikesha akinitikisa kila niliponyamaza. Tangu hapo tukawa watu wa kambi zenye umeme, tumebanana na karavani za wengine, vyoo mlangoni, redio za watu masikioni. Mimi niliridhika. Grieta alizaliwa kule Sederberg. Hakulalamika, ila kila tulipopita njia panda ya kwao aligeuzia uso dirishani.

Siku moja tukiwa mezani akasema, "Nabadilisha betri."

"Utampa nani hiyo kazi?"

"Nimesema nabadilisha, Basil. Sikusema nampa mtu."

Grieta ni fundi wa magauni ya harusi. Cherehani zake alizifungua na kuzifunga mwenyewe, lakini umeme alikuwa hajawahi kuugusa zaidi ya kubadilisha balbu. Akaanza kusoma. Akampigia simu muuza betri mjini mara nyingi hadi wakawa wanajuliana hali za familia. Wakati wa chakula cha jioni alikuwa ananieleza: betri ya lithiamu ni nyepesi, unaibeba kama mtoto wa mwaka mmoja, unaweza kuitumia karibu yote bila kuiharibu, ila chaja yetu ya zamani haielewani nayo, na haitakiwi kuchajiwa ikiwa imeganda kwa baridi.

"Kwa hiyo haitakaa nje kwenye lile sanduku la mbele," akasema. "Itakaa ndani, chini ya kitanda."

"Yaani nilale juu ya betri?"

"Umelala karibu na mimi miaka yote hii, na hujaungua."

Kazi tuliifanyia uani. Tuliishusha ile betri ya zamani wawili, tukiguna. Grieta alipima kwa tepu yake ya ushonaji, akakata plaiwudi, akafunga chaja mpya, fyuzi, na waya mnene kama kidole. Mimi nilishika tochi na kupewa amri. Mdogo wangu Jannas akaja, akaegemea uzio na kikombe cha kahawa yetu mkononi.

"Shemeji, hilo siyo gauni. Ukikosea mshono hapo, hufumui."

"Jannas, wewe ulifunga redio kwenye gari lako, honi ikawa inalia ukiwasha waipa. Kunywa kahawa."

Alipomaliza kukaza nati ya mwisho akabonyeza swichi. Kimya. Hakuna taa, hakuna pampu. Akapitia kila waya upya, taratibu. Kipimo cha betri ukutani kikasoma sifuri.

"Kaka," Jannas akaniambia, "mmeuziwa boksi."

Grieta alifuta mikono kwenye aproni yake, kidole kimoja kimoja, akaingia ndani ya nyumba. Nilidhani amekwenda kulia. Kumbe alikwenda kupiga simu. Aliporudi alikuwa anavuta waya mrefu kutoka jikoni.

"Imelala," akasema. "Wanaisafirisha ikiwa imejizima. Inataka ionje chaja kwanza, ndipo iamke."

Akachomeka. Kitu kikalia 'ta' chini ya kitanda, na karavani nzima ikawaka, nyeupe hadi tukaona madoa ya kahawa ambayo hatukuwahi kujua tunayo.

"Mh," alisema Jannas, akaenda kujiongezea kikombe cha pili.

Mwezi wa Julai tukapanda Sederberg, Jannas nyuma yetu na hema lake. Tuliegesha karibu na mto, mahali pasipo na soketi wala nguzo. Tulichoma nyama ya kondoo, tukala na mikate ya juu ya makaa, tukalala mapema kwa sababu ya baridi.

Niliamka jua likiwa kwenye pazia. Mashine ilikuwa bado inanipulizia hewa. Kipimo ukutani kiliandika asilimia sabini na moja. Grieta alikuwa amenipa mgongo, anakoroma. Hakukesha. Nilibaki nimelala vilevile, nisimwamshe, nikamsikiliza muda mrefu.

Nje umande ulikuwa umeganda juu ya majani. Jannas alitoka hemani amejifunga blanketi, simu imezima mkononi.

"Kaka, hiyo betri ya shemeji haina nafasi ya simu moja?"

"Muulize mwenyewe akiamka. Na anza kwa kuomba radhi."

Kahawa ilikuwa inachemka alipokuja mama mmoja wa karavani kubwa ya ng'ambo ya mto, ambayo jenereta yake ilikuwa imenguruma jioni nzima. Aliuliza ni fundi gani ametufungia umeme usio na kelele.

"Mke wangu," nikasema.

Akacheka, akidhani namtania. Grieta akatokeza mlangoni na kitambaa chake kichwani, akamkaribisha ndani, akainua godoro. Nilimsikia akimweleza habari ya unene wa waya na kwa nini fyuzi ikae karibu na betri, kwa sauti ileile anayowaelezea mabibi harusi jinsi ya kupiga hatua bila kukanyaga pindo. Jannas naye akasogea kusikiliza. Mimi nilisimama nje na birika mkononi, nimevimba kichwa, utadhani nati zote zile nilizikaza mimi.