Alhamisi ya Kula

Dorcas hakupanda hadi juu. Alisimama chini ya mwamba, pale njia inapoanza kuwa ya mbuzi zaidi kuliko ya watu, akazungushia mdomo viganja na kupaza sauti.

"Hodi huko! Mama Muganyizi, shikamoo!"

"Marahaba, mwanangu. Panda basi unywe hata maji."

"Nina haraka, mama, mapanki yangu yako juani! Mwenyekiti anasema Alhamisi uje mapema, kuna kula!"

"Kuna kula?"

"Ee, kula! Kila mtu aje mwenyewe, hakuna kutuma mtu!"

Akageuka na kukimbia, kanga ikipepea, kuwahi mifupa yake ya sangara. Minofu ilikwenda Ulaya kwa ndege. Vichwa na mifupa, hayo mapanki, vilibaki Mwanza kwa akina Dorcas kukausha na kuuza.

Josepha, ambaye Ilemela yote ilimwita Mama Muganyizi kwa jina la mwanawe wa pekee aliyehamia Dar es Salaam na kunyamaza huko, alibaki mlangoni na sindano za kufumia mkononi. Alikuwa akitabasamu peke yake. Kuna kula! Kumbe wamekumbuka.

Kikundi chao cha kufuma kilikuwa na heshima yake. Kila Alhamisi alasiri walikaa kwenye baraza la kanisa, kila mmoja na mfuko wake wa uzi. Walifuma sweta za wanafunzi. Walifuma vikofia vya vichanga waliozaliwa kabla ya siku zao, wakavipeleka wodini wenyewe. Mtu akifiwa mtaani, kabla hata turubai halijafungwa, wao walikuwa wameshafika na shali ya kumtupia mfiwa mabegani. Na kila Desemba, kabla ya Krismasi, walikuwa na siku yao ya kula: kila mwanamke na sufuria lake, baraza zima likinuka vitunguu.

Kisha marobota ya mitumba yakaingia. Sweta za Ulaya zikamwagwa chini kwenye maturubai sokoni Buzuruga, vijana wakizipigia kelele kama wanauza dagaa, na mzazi gani angesubiri ya kufumwa? Shule zikaacha kuagiza. Wanawake wakafuata riziki: huyu genge, huyu mapanki, huyu mitumba hiyohiyo iliyomfukuza kwenye sindano. Waliobaki walikuja huku macho yakipima jua. Siku ya kula nayo ikafa kimyakimya, bila hata kuagwa.

Kwa wengine kikundi kilikuwa jambo moja kati ya mengi. Kwa Josepha, tangu amzike mume wake Rugambwa kwao Kagera na kurudi peke yake kwenye nyumba ile ya miambani, hakukuwa na jambo la pili. Zilipita siku ambazo sauti yake mwenyewe aliisikia anapomfukuza kuku tu. Alhamisi ndiyo ilikuwa siku ya kuitwa jina.

Na yeye, kati ya watu wote, ndiye aliyepaswa kuuliza. Wasukuma na herufi yao ya L aliwajua. Ndiye aliyekuwa bingwa wa kuwatania. "Mama Masalu, leo umekula au umekura?" angesema, na mwenyekiti angemjibu kwa sauti yake ya ngoma, "Nyie Wahaya herufi zote mnazo, ng'ombe ndio hamna!" Baraza likavunjika kwa vicheko. Lakini siku ile Dorcas alipoita kutoka chini ya mwamba, sikio la Josepha lilikuwa na njaa.

Jumatano alishuka bandarini akachagua mkungu wa ndizi zilizoshuka na meli kutoka Bukoba. Alhamisi aliamka na jogoo, akaanza kumenya. Alipika ndizi na maharage kama anapikia harusi, akafunika kwa majani ya mgomba. Aliambiwa aende mapema, ni kweli, lakini maharage yalikataa kuiva, na yeye si mwanamke wa kuwapelekea watu maharage yanayogonga meno. Alipojitwika sufuria na kuanza kushuka, jua lilishapita utosini zamani.

Akawakuta wamekaa duara. Hakuna aliyekuwa akifuma. Katikati yao, juu ya kigoda, kulikuwa na kikofia kimoja cha mtoto, kimepinduliwa mdomo juu kama bakuli.

"Karibu, Mama Muganyizi," alisema Mama Masalu. "Tunakungoja wewe tu."

"Mnisamehe, wenzangu, maharage yalinigomea. Haya, sahani ziko wapi? Nyie mmepika nini?"

Alitazama huku na huku. Hapakuwa na sufuria lingine.

"Hilo sufuria la nini, mama?"

"La nini tena? Si mlisema kuna kula?"

Dorcas alishika kichwa. "Mungu wangu! Mama, nilisema kula!"

"Ndiyo, kula. Nimeleta."

"Siyo kula! Kula! Kula ya kupiga, mama! Kama ile ya Oktoba, ya vyama vingi!"

Baraza lilipasuka. Mama Shimba alijipiga mapaja kwa kucheka. Mwenyekiti alijifuta machozi kwa ncha ya kitenge akisema, "Jamani, herufi moja tu, herufi moja na mkungu mzima!" Josepha naye alicheka, sufuria bado kichwani, mpaka Justa, mke wa mzee wa kanisa, akaja kumtua. Ulikuwa umepita muda mrefu hawajacheka hivyo.

"Sasa," akauliza akipumua, "mnapiga kura ya nini?"

Kicheko kikakatika.

Mama Masalu alimweleza bila kuzunguka. Kikundi kiendelee au kivunjwe. Kipande cha uzi mweupe: kiendelee; cheusi: kivunjwe. Unatumbukiza kikofiani. "Kumi tumeshapiga. Vitano vyeupe, vitano vyeusi. Umebaki wewe." Akamwekea kiganjani nyuzi mbili.

Josepha alizitazama. Kisha akafumba kiganja.

"Kwanza mle," alisema. "Chakula hakiachwi kipoe kwa sababu ya siasa."

Wakala. Sahani hazikutosha, wengine walipokea kwenye mfuniko, wengine kwenye jani. "Hizi ndizi zingegombea ubunge ningezipa kula," alisema Dorcas, na mtu akamdaka, "Kula au kura?" "Vyote!" Kwa muda baraza lilikuwa lile la zamani, na Josepha alipita kati yao akiongeza huyu, akimkaripia yule kwa kuacha ukoko. Alijisemea kuwa vyeupe vitano ni marafiki watano, na cha kwake kingekuwa cha sita, basi, kazi imekwisha.

Alipokuwa ameinama nyuma ya nguzo akimimina maji ya kunawa, alimsikia Mama Shimba akimnong'oneza Justa.

"Ataweka mweupe, si unamjua. Tupangiane zamu tu, wawili wawili. Wiki hii mimi na wewe, wiki ijayo wengine."

"Na biashara?"

"Nusu saa inatosha. Tutafanyaje? Maskini, hana mtu."

Haikuwa sauti ya ubaya. Ilikuwa laini, na ulaini huo ndio uliomchoma. Zamu aliijua. Kikundi kilikuwa na zamu za kukaa na wagonjwa, na yeye aliwahi kukaa kando ya kitanda cha bibi mmoja, akamuuliza "umekula?" kisha baada ya kimya akamuuliza tena "umekula?", na alipotoka nje ya wodi alijisikia mwepesi kama aliyetua ndoo. Sasa ndoo alikuwa yeye.

Alinyoosha mgongo, akawatazama. Mmoja alikuwa akila kwa kusimama, uso barabarani. Dorcas alilamba vidole huku akilipima jua. Hakuna aliyekuwa adui. Watu walikuwa na shughuli zao.

Akaenda kwenye kigoda, akafungua kiganja. Na tusimsingizie ushujaa: vidole vyake vilishika uzi mweupe kwanza. Aliutaka. Hata kwa zamu, hata kwa nusu saa, aliitaka Alhamisi yake. Kisha akainua macho, akamwona Mama Shimba anamtabasamia, kichwa kimeinama upande, tabasamu lile la wodini.

Akauacha mweupe ukaanguka sakafuni. Akauinua mweusi juu, kila mtu auone, akautumbukiza.

"Mama, umekosea!" Dorcas aliruka. "Huo mweusi!"

"Rangi nazijua, mwanangu. Siyo herufi tu."

"Una hakika?" Mama Masalu aliuliza polepole.

"Kura ni kura. Gawaneni nyuzi za kikundi. Jua linazama na samaki wenu wako nje."

Waligawana. Mwenyekiti alimsindikiza hadi mwanzo wa miamba, amembebea sufuria tupu.

"Tutakuja kukutembelea, Mama Muganyizi."

"Mje mkiwa na hamu. Msije kwa zamu."

Mama Masalu alisimama kama aliyepigwa. Akampa sufuria lake. Josepha akapanda bila kugeuka nyuma.

Alhamisi iliyofuata, alasiri, alikaa mlangoni na kujaribu kufuma. Sindano ziligongana, ti, ti, ti, na nyumba nzima ikazisikiliza. Akaziweka chini. Hakuna aliyepita. Kule chini ziwa liling'aa, na upepo ulileta harufu ya samaki na vipande vya mazungumzo ya watu asiowajua.

Akainuka, akaenda kwenye ndoo zake. Zote zilikuwa zimejaa. Akachukua moja, akaimwaga yote kwenye mchicha alioumwagilia asubuhi, akashuka nayo hadi bombani. Palikuwa na foleni, wanawake na wasichana, kelele tupu.

"Shikamoo, mama," walisema. "Pita mbele wewe, usisimame juani."

"Marahaba, wanangu. Endeleeni tu," alisema, akaenda kusimama mwisho kabisa.