Jina la Kuazima

Jua halijazama bado pale Igogo, lakini upande wa ziwani wingu lilishakuwa jeusi kama masizi ya sufuria, na Akelo ndiyo kwanza anacheka. Atulie wapi! Amemaliza chuo, kesho sherehe, na kaka yake alikuwa majini anakuja na mtumbwi kutoka Ukerewe, kabeba sangara wa wageni. Habari hiyo baraza zima lilishaisikia, hata ambao hawakuuliza.

"Yule wetu akifika mtakula mpaka mkome!"

Yule wetu. Kwao, watu wa uvuvi, aliye majini hatajwi jina mpaka akanyage nchi kavu. Hata mama yao hathubutu.

"Kaa chini ule, au uliwe," Najat, shoga yake mwenye nyumba, akatikisa kikombe cha bati.

Ndani kulikuwa na dadu tatu. Salehe, kaka yake Najat, alizichonga kwa mfupa aliouokota ufukweni, mfupa ambao hakuna aliyeutambua ni wa mnyama gani. Kila upande wa dadu una samaki au jino. Unatupa moja moja: ikilala samaki, umepona, ikilala jino, tupa nyingine. Meno matatu, umeliwa. Na aliyeliwa harudi mchezoni kwa jina lake, anaazima la mtu ambaye hayupo.

Akelo akatupa. Jino. Jino. Jino.

"Umeliwa, mama! Azima jina, fasta!" Najat akapiga makofi.

"Owiti!"

Lilimtoka tu, jina la kaka yake. Binamu yake Princess akaacha kutafuna karanga.

"Akelo. Umesema nani?"

Upepo ukapiga mabati. Akelo akachukua simu, akampigia kaka yake. Haipatikani. Akapiga tena. Haipatikani.

"Jamani, mchezo tu huu," Najat akasema. "Tuache."

"Hauachwi njiani," Princess akajibu. "Jina litabaki humo kikombeni."

Basi Akelo akatupa kwa jina la kaka yake. Jino. Ziwani kukanguruma. Akatupa ya pili. Jino.

Ikabaki moja. Akaikumbatia kiganjani, ikawa ya baridi kama kitu kilichotoka majini sasa hivi.

"Narudisha jina," akasema. "Hii natupa kwa langu."

"We si umeshaliwa?" Najat akauliza.

"Ndiyo maana."

Akatupa. Jino.

Upepo ukakatika hapo hapo, kama mtu kafunga mlango. Wakangoja. Hakuna kitu. Akelo akaanza kucheka, kwanza polepole, halafu kwa nguvu, maana getini palikuwa na mtu: Owiti, kaloa chapachapa, sangara begani!

"Jamani, leo nimeponea chupuchupu," akasema, akimtua samaki. "Injini ilizima katikati ya maji. Nikasikia naitwa jina, tena sauti inatoka chini, siyo juu. Mara ikaacha. Injini ikawaka yenyewe." Akaangaza barazani. "Mwenye sherehe yuko wapi?"

"Kaka, niko hapa!" Akelo akaruka.

Najat akageuka kulia, akageuka kushoto.

"Si alikuwa hapa sasa hivi?"

"Najat, acha utani wako! Princess, mwambie!"

Princess alikuwa anaangalia dadu. Akelo akamshika kaka yake mkono, akamvuta. Owiti akasisimka tu, akajifuta mkono kama aliyemwagikiwa maji ya baridi.

"Ake..." akaanza kuita.

Princess akamrukia, akamziba mdomo kwa viganja viwili.

"Usimtaje," akanong'ona, machozi yanamtoka. "Usimtaje mpaka akanyage nchi kavu."

Akelo akatazama miguu yake. Mkeka ulikuwa umeloa, na maji yalishafika kwenye vifundo, yanapanda.