Faksi ya Kavata na Punda wa Ngoliba

Koplo Kavata alibakisha mwaka mmoja astaafu, na mwaka huo alitaka kuumalizia kituo cha polisi cha Thika, kando ya mashine yake ya faksi. Sasa Inspekta Dianah amekuja kutoka makao makuu, tableti mkononi, kuamua kama faksi ibaki au itupwe. Ikitupwa, Kavata anahamishwa. Wapi? Watu walionyesha tu kaskazini kwa kidevu.

"Tuma Ruiru, nione," Inspekta alisema. "Nahesabu zinazotoka na zinazorudi. Zikifika kumi kabla ya saa sita bila kukwama, inabaki."

Kumi! Wuui! Wiki nzima hazijapita tatu. Kavata alikuwa na karatasi moja tu, yenye picha: punda amepotea Ngoliba, rangi ya majivu, sikio moja limekatika. Akaiingiza. Mashine ikakohoa, ikalia kama mbuzi, ikaituma.

Ruiru alikuwako Sajenti Kang'ethe, mtu wa sheria mpaka kwenye soksi. Kwake, karatasi ikiingia hupigwa muhuri wa "Imepokelewa" na nakala hurudishwa kwa aliyeituma. Akapiga, akarudisha.

Kavata akaitazama. Hii nayo si imeingia? Na sheria si ni hiyo hiyo? Akapiga muhuri wake, akarudisha. Kang'ethe akapokea, akapiga, akarudisha.

Karatasi ya sita, simu ikalia. "We Kavata, tutaacha saa ngapi?"

"Acha wewe kwanza, afande, niandike kwamba Ruiru hawafuati sheria."

"Mimi? Kang'ethe? Siachi!"

"Basi piga."

Walipigiana mihuri hiyo! Punda akazama kwenye wino, akabaki sikio, lile zima. Kavata aliuma midomo asicheke.

Saa sita kasorobo Inspekta akachukua karatasi, akaigeuza juu chini. "Kumi na nne. Lakini punda yuko wapi?"

"Bado anatafutwa, madam."

Inspekta alijaribu kukaza uso. Ukamshinda. Alicheka mpaka akaketi juu ya meza, akapangusa macho, akaandika: faksi ibaki. "Na wewe ubaki nayo, mama. Mwingine ataiwezea wapi?"

Kavata alipiga saluti, akatoka pole pole kama mtu mwenye heshima zake, akazunguka nyuma ya stoo, akakata kiuno na buti zake zote mbili.

Ndani, mashine ilikuwa inalia tena. Kang'ethe hakuna aliyemwambia mtihani umeisha.