Chupa Katikati ya Leso

...na hii nayo, na ya chini yake, hata hii niliyoiacha ndani ya karatasi ya duka, zote, doti kumi na mbili za mwanangu zanuka bangi, wala si harufu ya kudhania, ni harufu ya kujua, mtu akiipeleka puani hana la kujiuliza, na mimi nimepiga magoti mbele ya kasha, mapaja yamejaa leso, na huko ukumbini wageni wameshaketi, nasikia sauti ya Bi Mwanafatuma, nene, sauti ya mtu aliyezoea kungojwa, "...bahari shwari, alhamdulillahi, hata hatukulowa...", na wifi yangu Asiya anamjibu, jongeeni huku penye upepo, Mwanapili yuwaja sasa hivi, na Mwanapili ndiye mimi, na siji sasa hivi, nijeje na harufu hii... Ijumaa ndiyo harusi, siku nne tu, Khamisa wangu aolewe na Abdulrahim, na huyu Bi Mwanafatuma ndiye shangazi yake Abdulrahim, ametoka Wasini na wenzake watatu kuja kuchukua nguo za bibi arusi zimtangulie, na kwao, Asiya aliniambia jana nikacheka, kwao nguo hazichukuliwi hivi hivi, shangazi mtu hukunjua leso moja moja mbele ya wote, akaileta puani, apate kujua kama mama amemfukizia mwanawe udi au amemfungia tu kama mzigo wa sokoni, nami nikacheka nikasema na anuse mpaka pua ichoke, kwa sababu nilikuwa nimezifukiza siku tatu mfululizo, nimezitandaza juu ya tenga, chetezo chini, udi wa kweli, na asmini nikatia kati ya mikunjo, nikalifunga kasha nikajisifu kama kawaida yangu. Kikulacho ki nguoni mwako. Changu ki nguoni hasa, kimekaa katikati ya leso, chupa ya kioo ya bangi, imevaa na kifuniko.

Hebu kifuniko... eh. Kimelegea. Nusu mzunguko, zaidi. Ni Shutu, wanaume hawa hawajui kufunga kitu, mume wangu huyu hata mlango wa banda la kuku huuegemeza tu akaenda zake... lakini Shutu hagusi chupa. Miaka kumi na minane hajaigusa, mimi ndiye nimpaye, jioni, kiasi cha kukaa juu ya ukucha wa kidole gumba, na mimi ndiye nirudishaye kifuniko, basi mkono ulioacha kifuniko hiki hivi ni mkono huu wenye pete, usimsingizie mtu, Mwanapili. Ilikuwa ile mvua kubwa ya wiki mbili nyuma, makuti yakavuja pale pale juu ya shubaka ambamo chupa hukaa siku zote, nikaingia nikaona ukuta umelowa, nikaishika chupa nikaona kioo kimefanya jasho kwa ndani, jasho likikaa siku mbili ukungu umeshaingia, na ukungu ukishaingia hakuna dawa, ni kumwaga tu, nikaimwaga kwenye ungo kivulini, nikaipepea, nikaijaribu kijiti kwa kijiti, kinakatika au kinapinda, kilipoanza kukatika kwa mlio nikairudisha chupani nikakiacha kifuniko kimelegea ipumue kidogo, siku moja, mbili, kisha niikaze, na kwa kuwa shubaka limelowa nikatafuta mahali penye giza, pakavu, pasipo joto, na katika nyumba hii yote mahali hapo ni kasha la mama yangu tu, mbao zake haziingizi hata pumzi. Nikaitia katikati ya leso zilizokwisha kufukizwa. Jioni ile ile wakaja wazee wa Wasini kukata siku ya harusi, nikakimbilia sufuria za pilau, na kifuniko nikakisahau mpaka leo, na kila jioni nimekuwa nikiinua pindo la leso gizani, nachota, nafunika juu juu, kichwa kimejaa hesabu ya kuku na mchele, pua imeshazoea haisikii kitu. Mimi. Mimi niliyemcheka mke wa jirani aliyeiweka bangi ya babake juu ya uchaga wa jikoni ikakauka ikawa vumbi la moshi.

Nilijua mno, hilo ndilo linaloniuma. Aliyenifundisha ni Nzai, yule Mduruma wa bara ya Kinango aletaye mtama, yeye huificha kati ya mafungu ya mtama na kuniletea mara mbili kwa mwaka, mtu wa maneno machache, lakini juu ya hili hutoa hotuba, mama, usiianike juani, jua huila nguvu likakuachia majani ya mbuzi, usiitie mkebeni, mkebe hutoka jasho na kutu, usiitie mtungini, mtungi hunywa maji ya hewa na kuyatapika, tafuta kioo, nami nikatafuta, binamu yangu mpishi wa hoteli ya Diani akaniletea chupa hii ya achari ya Wazungu, ya kahawia, mdomo mpana, nikaichemsha mara tatu na bado siku za kwanza Shutu alikuwa akisema anasikia hamu ya kula samaki. Usiijaze mpaka juu, usiishindilie, iweke mahali ambapo wewe mwenyewe ungependa kulala mchana, ndivyo asemavyo Nzai, na ikikauka mno tia ganda la chungwa usiku mmoja, asubuhi litoe, ukilisahau umeharibu. Yote hayo nayajua kama sura fupi za msahafu. Ni hapa Msambweni, chumvi hulia yenyewe kwenye kibakuli na kiberiti hakiwaki masika yote, na bangi yangu imekaa miezi sita ikinukia kama siku ya kwanza, nani mwingine awezaye hilo, na sasa ujuzi wangu wote umeingia kwenye leso za mwanangu.

"...na huyu bibi arusi hajambo?" Bi Mwanafatuma anauliza, na Asiya, hajambo, yu ndani, yuwakaushwa hina... Niwashe chetezo? Makaa hayajashika, na moshi wa udi ukitoka chumbani sasa hivi watajua mama mtu anafukiza leo, wageni wako mlangoni, aibu ni ile ile kwa mlango mwingine. Nizianike uani? Uani ndiko wenzake wawili wameketi. Nizipige maji ya waridi, yatachanganyika, nayajua, yatanuka kama maiti wa mlevi, astaghfirullahi. Niseme zimeliwa na panya. Niseme mwizi. Mwizi wa leso, Mwanapili, akaacha kasha limefungwa kwa ufunguo. Atanusa mara moja tu, atakunja leso polepole, hatasema neno, watu wa aina yake hawasemi, watashukuru chai, watapanda chombo chao, na kesho ataletwa mzee mmoja mpole kusema kijana ameonekana bado mdogo, na Khamisa, mtoto wangu ambaye tangu posa imekuja anaimba akipepeta mchele, Khamisa ambaye alimwona kijana huyo mara mbili tu mwaka wa sherehe za Uhuru, akarudi nyumbani asitie chumvi kwenye mchuzi siku mbili... Ningemwambia nini? Kwamba mamako anajua sana kuhifadhi? Na mambo ya askari je, serikali ya Mzungu iliikataza, na hii yetu nayo imeikataza, bendera imegeuka, bangi ni ile ile.

Yote ni ya Shutu. Ndiyo, nitamlaumu, nani amlaumu kama si mimi, asingekwenda vita vya Wazungu huko Bama nisingejua hata inavyokaushwa... alirudi mwaka wa arobaini na sita na kofia ya jeshi la Keya na mguu ulioshonwa vibaya, watu wakamshangilia, wakachinja mbuzi, na usiku ulipoingia hakulala. Usiku wa pili hakulala. Nikasema ni ugeni wa kitanda. Mwezi ukapita, akifumba macho anaruka, anawaita watu kwa majina ambayo hakuna ayajuaye hapa, anatambaa chini ya kitanda na mguu ule, asubuhi ameketi mlangoni macho mekundu, hataki kushikwa, hata mimi, mimi hasa, nikimgusa bega anageuka na mkono juu. Kumi na mmoja ile miezi. Nilikuwa nimeshafunga nguo zangu, hakuna ajuaye hili, hata Asiya dadake, nilifunga leso mbili na kitana nikazitia ndani ya kikapu, kesho yake nirudi kwa mama, huko Bongwe, na mchana wa siku ile ile akapita Nzai na mtama wake, akamtazama Shutu pale mlangoni, akamtazama sana, hakuuliza, akaketi naye, akasokota, akamwashia, wakakaa wanatazama kuku. Shutu alilala alasiri ile mpaka alfajiri. Nilidhani amekufa. Nilikaa naye nikiweka mkono chini ya pua yake, pumzi inakuja, inakwenda, joto, nikatoa mkono, nikaurudisha, sijui mara ngapi, na alipoamka aliuliza kuna chakula, na akanishika mkono, yeye, wa kwanza. Kikapu nikakifungua. Mwalimu wa chuoni nilimwendea, nikamwambia yote, akasema kilevi ni kilevi, mama, nikamwuliza na mtu asiyelala mwaka mzima, akasema Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye, nikalichukua jibu hilo nikalifunga pindoni nikaenda nalo nyumbani. Na mwaka uliofuata, masika... hesabu si ngumu... mwaka uliofuata Khamisa.

Khamisa. Kwa hiyo bila... ngoja. Bila chupa hii mimi niko Bongwe, nimeolewa na muuza nazi, na Shutu amekufa mlangoni, na huko ukumbini hakuna wageni, hakuna shangazi, hakuna leso za kunusa kwa kuwa hakuna wa kuzivaa.

"Mama, mbona waketi?" Ni yeye, amesimama katika mlango wa chumba chake, mikono ameinyosha mbele na hina mbichi kama mtu aombaye radhi, na mimi naanza kukunja haraka haraka, naficha nini, kutoka kwa nani, nasema rudi ndani, utaonekana, lakini ameshakuja, ameshapiga magoti karibu yangu, na kwa kuwa mikono haiwezi kushika kitu ameinamisha uso wote ndani ya leso zilizo mapajani mwangu, amekaa hivyo, simwoni uso, naona misuko ya nywele na kisogo, na nangojea alie.

"Zanukia baba," asema.

Nimemwambia polepole wageni wasisikie, mwanangu, nimezifukiza udi, wallahi, ni kifuniko, shangazi yake Abdulrahim atanusa, wataivunja posa. Anainua kichwa. Hajalia. Anatabasamu kama anavyotabasamu akimsikia babake akikoroma ukumbini jioni, sisi wawili hutazamana hivyo, tangu mdogo, koroma baba, koroma.

"Na anuse. Huko Wasini sitakuwa na baba mimi, mama. Usizifukize."

Kisha ameondoka, mikono mbele, taratibu, na mlango ameusukuma kwa bega. Na mimi niko pale pale, magoti yanauma sasa, leso ziko mapajani, chupa iko mkononi, na ukumbini Bi Mwanafatuma ameanza kumsifia Asiya kahawa, "...iliki hii ni ya wapi...", na hakuna kilichobadilika, kumi na mbili ni kumi na mbili na zanuka vile vile, ila mimi nashangaa nilichokuwa nikikitafuta, maji ya waridi, makaa, mwizi, mtoto wa miaka kumi na saba amezivuta harufu akamwona babake, na mimi mama mtu nimezivuta nikamwona askari na shangazi. Mficha uchi hazai, na mimi nimekwisha kuzaa. Zikunje vizuri, Mwanapili, pindo kwa pindo. Huenda akakasirika, Bi Mwanafatuma, huenda akanyanyuka kweli, sina hakika, najua pua yake ni ya kazi, lakini kama atamkataa Khamisa kwa harufu hii basi ajue anachokikataa, sitamwacha akisie, nitaketi mbele yake magoti kwa magoti, nimkunjulie ya kwanza mimi mwenyewe, nimwambie shikamoo, bibi, na karibu, nusa, mume wangu alitoka vitani hana usingizi, hii ndiyo harufu ya usingizi wake, na huyu binti mnayemchukua ndiye tuliyempata alipolala.

"Mwanapili," Asiya aita, "wageni wakungojea."

Naja, namwambia, naja, na bado sijainuka, nazikunja, ya tatu sasa, na nikifika ya mwisho nitaipeleka puani mara moja zaidi, si kwa kuhakikisha.