Ngazi za Upande wa Jua

Mwaka ule wa 1957, Nakuru nzima haikuwa na mkono uliochonga jiwe kama wa Obura. Ndiyo maana alichukuliwa kujenga jukwaa jipya kwenye uwanja wa zamani, nyuma ya nyumba za reli. Watu wa reli walikuwa wakicheza pale tangu kabla ya vita, na nyasi walikuwa wakizifyeka wenyewe kwa panga. Sasa wakubwa walisema utakuwa uwanja wa kisasa, wa watu wote.

Obura hakujua kusoma barua, lakini ramani ya ujenzi aliijua kama kiganja chake. Aliikunjua juu ya gunia la simiti akaona jukwaa lenye paa upande wa magharibi, la Wazungu. Kando yake palikuwa na mabenchi ya Wahindi. Upande wa mashariki, ambako jua la alasiri hukupiga usoni, palichorwa mstari mmoja tu, ua wa waya.

"Na hapa, bwana?" akauliza.

Msimamizi wa kazi, Bwana Tomlin, hakuinua kichwa. "Hapo watasimama."

Obura akaikunja ramani, akafanya kazi miezi minne. Kila jiwe lenye ufa au lililovunjika pembe lilitupwa nyuma ya waya, hata rundo likawa kilima. Siku moja Mama Nabalayo, mwanamke mzee aliyefua jezi za timu ya reli, alipita akamwambia kwamba kigoda chake kimepigwa marufuku uwanjani.

"Magoti yangu hayawezi kusimama dakika tisini, mwanangu. Nitakuwa nasikia tu kelele kutoka nyumbani."

Neno hilo lilimkaa Obura kifuani. Jumapili, baada ya kanisa, alichukua nyundo na kamba akaenda kwenye rundo peke yake. Alichimba mteremko, akalaza safu ya kwanza bila simiti, jiwe likibana jiwe. Jumapili iliyofuata alikuja Masinde, mchochea makaa wa garimoshi. Ya tatu wakawa watu thelathini, wake kwa waume.

Hiyo ilikuwa hatari. Tangu kutangazwa Hali ya Hatari, watu hawakukusanyika bila kibali. Saa tisa askari akatokea na bunduki begani.

"Nani amewapa ruhusa ya mkutano?"

Obura akaishika nyundo kwa nguvu zaidi. "Hakuna mkutano, afande. Umesikia mtu akihutubu?"

Askari akaitazama safu ya mawe. "Nimesikia nyundo tu," akasema, akaenda zake.

Jumatatu Bwana Tomlin alikuta ngazi sita za kukalia zimekamilika.

"Bomoa."

"Mimi ni fundi wa kujenga, bwana. Kubomoa sijafunzwa."

"Basi huna kazi."

Obura aliosha mwiko wake, akaufunga kwenye gunia, akaondoka. Tomlin akawageukia wengine. Mmoja akasema mgongo unamuuma. Mwingine akasema nyundo yake imetoka mpini. Ufunguzi ulikuwa umebaki siku tano, na jukwaa lilikuwa bado halijapakwa rangi, kwa hivyo akaziacha ngazi.

Siku ya ufunguzi Obura aliketi ngazi ya tatu na Mama Nabalayo. Hakuwa na furaha sana. Nyumbani mkewe Awuor alikuwa ameshaanza kufunga vyombo, maana nyumba ilikwenda na kazi, asijue watahamia wapi. Mgeni mkubwa kutoka Nairobi aliuzunguka uwanja, akasimama mbele ya ngazi zilizofurika watu, kisha akampa Tomlin mkono. Alimsifu kwa kuukumbuka na upande huu. Tomlin akawa mwekundu mpaka masikio, akasema asante. Masinde alicheka hadi akapaliwa.

Wiki moja baadaye karani alimfuata Obura. "Bwana anataka urudi utie simiti kabla ya mvua za masika."

"Mwambie aje mwenyewe. Jumamosi, wakati wa mechi. Tutaongea tukiwa tumeketi hapo juani."

"Asipokuja?"

"Mawe yatakaa bila simiti. Yamepangwa na mtu anayejua kazi."

Tomlin hakuja. Mvua ilikuja, ikanyesha wiki sita, na hakuna jiwe lililosogea hata upana wa ukucha. Wakati huo Obura alikuwa akijenga ghala la mkulima mmoja Njoro, na kila Jumamosi alipanda baiskeli akarudi mjini kutazama mpira.