Washa ya Shaba

Nikimaliza kuunga kamera huwa siirudishi hivihivi. Nafungua mgongo wake, nabandika kipande cha karatasi laini pale filamu inapolala, kisha naielekeza ng'ambo ya bonde, kwa bomba la moshi la kiwanda cha chai. Bomba likitokea safi kwenye karatasi, kamera inaenda kwa mwenyewe. Likitokea na ukungu, narudi mezani. Marehemu mume wangu ndiye aliyenifundisha kazi hii hapa Litein, na hiyo ndiyo sheria pekee aliyoniachia. Watu bado hufika kibandani wakaniuliza fundi yuko wapi. Nawaambia mmeshamwona, kama hamtaki rudini na kamera zenu.

Ijumaa hiyo ya Agosti 1996 bomba halikuwepo. Manyunyu yalianza alfajiri, na ukungu ukameza bomba, kiwanda na majani chai yote ya upande ule. Johana alikuwa amesimama mbele ya meza yangu akitazama saa kila nikivuta pumzi. Huyu Johana ni mpiga picha, studio yake iko mlango wa tatu kutoka kwangu. Kamera yake ni Yashica ya zamani yenye lenzi mbili: ya juu ni ya jicho la mpigaji, ya chini ndiyo inayochora kwenye filamu. Baridi ya huku ilikuwa imeotesha kuvu ndani ya ile ya chini. Nilikuwa nimeitoa, nikaisafisha, nikairudisha.

"Mama Wambugu, gari ya Bomet inaondoka," akasema.

"Wacha iondoke. Nangoja bomba."

"Bomba gani sasa? Harusi ni kesho!"

Harusi yenyewe ilikuwa ya wazazi wake, huko Sigor. Mzee Aron na Mama Chepkorir walikuwa wameoana kimila miaka arobaini na mmoja iliyopita, na sasa walitaka ndoa yao ibarikiwe kanisani. Haraka ilitoka tumboni mwa mzee. Kulikuwa na uvimbe, angepasuliwa Jumatatu, na daktari hakuwaficha kitu. Maisha yao yote hawakuwahi kupigwa picha pamoja, hata moja. Johana alikuwa na filamu moja tu ya kamera ile, picha kumi na mbili, maana madukani zilikuwa zimeadimika.

Nikampa kamera. Ile methali ya haraka na baraka naijua sana, nimewatupia wateja kuliko salamu.

Jumamosi kukapambazuka kweupe. Nilitoa kitambaa cha mezani nje nikikung'ute, nikasikia kitu kikilia kwenye saruji. Nikainama. Ilikuwa washa ya shaba, kile kiduara chenye tundu cha kuwekwa kati ya vyuma, nyembamba kama ukucha. Nikaijua papo hapo. Washa ile hukaa chini ya lenzi ya chini. Ikikosekana, lenzi inasogea karibu na filamu, na mpigaji anadanganywa. Kule juu anauona uso wa mtu uko sawa kabisa, lakini huku chini kinachotoka safi ni kilicho hatua moja nyuma ya mtu huyo. Mwenyewe anatoka kama uji.

Ng'ambo ya bonde bomba lilikuwa limesimama wazi kabisa. Nililitukana.

Simu ya kumfikia Johana haikuwepo. Nilitia bisibisi na washa mfukoni, nikafunga kibanda, nikaenda. Kupita Bomet gari lilikwama kwenye tope, nikashuka nikalisukuma pamoja na wanaume, huku nikihesabu: sasa wanaingia kanisani, sasa wanavishana pete. Niliomba mchungaji awe wa mahubiri marefu. Sijawahi kuomba hivyo tena.

Nilifika saa nane. Watu walikuwa wanakula. Mzee Aron, amekonda ndani ya suti iliyomwagika mabegani, aliniona akainua kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha.

"Chamge, Mama Wambugu! Umetoka Litein yote kwa sababu yetu?"

Nikasema ndiyo. Mungu anisamehe. Nilimvuta Johana nyuma ya kanisa.

"Umepiga ngapi?"

"Zote. Wale vijana wa kamera ndogo za rangi niliwafukuza, hii ni kazi ya familia." Alikuwa anacheka. "Ya mwisho tu ndiyo si kitu. Pale mlangoni nilimwambia mzee asimame kando ya mama, akakataa kusogea. Nikamkemea, nikapiga hivyohivyo."

Nilifungua kiganja nikamwonyesha washa. Hakuhitaji kuelezwa. Alikaa chini kwenye nyasi, na suti yake mpya.

"Usimwambie mama," akasema baadaye.

Jumatatu mzee akapasuliwa. Jumatano akafa.

Muda huo wote filamu ilikuwa kwenye droo ya Johana, haijasafishwa kutoa picha. Aliogopa kuifungua. Mimi niliogopa kumuuliza, nikawa napita mlango wake nikiangalia upande wa pili wa barabara. Usiku sikulala, mchana nilivunja kioo cha saa ya mwalimu mmoja aliyeniletea niitengeneze. Ijumaa, Mama Chepkorir mwenyewe akaingia Litein na leso kichwani, akaketi kwenye benchi la studio.

"Nimekuja kuchukua bicha," akasema. "Ya kuweka juu ya sanduku."

Johana alinitumia neno. Tukaingia chumba cha giza wawili, yeye akishika dawa, mimi nikishika ukuta. Picha zikatokea moja moja kwenye beseni. Ngai! Madhabahu safi, viti safi, kwaya ya nyuma safi mpaka vifungo. Mbele yao watu wawili waliofutika. Kumi na moja hivyo; ya kumi na mbili ilipoingia kwenye beseni sikuitazama tena. Johana alikuwa analia bila sauti na hakuacha kufanya kazi.

Nikasema yatosha. Nilitoka na picha zote zikiwa bado na maji, nikazipanga mbele ya mama yule, nikaweka na washa juu ya meza.

"Mama Johana, si kamera, si mtoto wako. Ni mimi. Hiki kitu nilikisahau nje, nikatoa kamera bila kupima. Nilijua sijapima."

Akazitazama moja baada ya nyingine. Aliiinua washa, akaigeuza, akairudisha.

"Kumi na moja," akasema. "Umeharibu kumi na moja, Mama Wambugu."

"Ndiyo."

Nilingoja matusi, na ningeyapokea. Lakini mkono wake ulikuwa umefika kwenye ya kumi na mbili, ile ya mlangoni, na haukuendelea.

Yeye yuko mbele, uso umefutika, kilemba kama wingu. Hatua moja nyuma yake amesimama Aron, na Aron ametoka safi. Mvi za kidevuni unazihesabu. Kola imelegea shingoni. Haangalii kamera. Anamwangalia yeye, kisogo chake, na macho yake yanang'aa kama ya kijana aliyepewa ng'ombe.

Johana alisimama mlangoni mwa chumba cha giza, mikono ikidondosha dawa. "Ile niliyomkemea," akasema.

Mama Chepkorir aliifuta picha kwa ncha ya leso, polepole, pale usoni.

"Miaka arobaini na mmoja alitembea mbele, mimi nyuma. Kwenda sokoni, kwenda kanisani, kila mahali. Mgongo wake naujua kuliko shamba langu." Akaisogeza picha mwangani. "Sikujua kama huwa ananiangalia."