Dirisha la Rangi la Pitcowrie

Kwi. Kimya. Kwi tena.

Ilikuwa saa saba mchana, lakini chumbani kwa binti yangu Morven kulikuwa giza totoro, na kitu kilikuwa kinalia ukutani. Ukikiangalia chumba kile kwa nje, kina dirisha. Ukiingia, ukuta mtupu. Dirisha lenyewe ni mawe yaliyopakwa rangi: vioo vyeusi, fremu nyeupe, hata chungu cha maua mekundu. Alilichora marehemu baba mkwe, eti uso wa nyumba usionekane chongo.

Kila Jumamosi mama mkwe wangu, Bi Elspeth, alipanda ngazi akaliosha kwa siki, kama yale mengine. Mleta barua aliwahi kuyasifu maua. Bi Elspeth akamjibu kwamba hayasumbui, hayataki maji mengi.

Mimi nilitaka mwanangu aamshwe na jua, hata hili letu la kubahatisha. Lakini nyumba kama hii yetu ya Pitcowrie, ya miaka mia mbili na hamsini, haiguswi bila ruhusa, ndiyo maana akaja Bwana Galbraith, mkaguzi wa majengo ya kale. Alikula biskuti tano za siagi, kisha akatoa sharti. Kama waliojenga waliweka mawe pale tangu mwanzo, yatabaki. Kama palikuwa na dirisha likazibwa baadaye, tutalizibua.

Bi Elspeth alimhakikishia kwamba hapajawahi kuwa na dirisha, na kwamba mkwewe, yaani mimi, ni mtu wa mjini Dundee, na watu wa Dundee wakikosa la kufanya hutoboa kuta.

Tukapanda juu. Bwana Galbraith akagonga ukuta, akatikisa kichwa, akatoa kalamu. Nikajua mwanangu atavaa soksi kwa taa mpaka aolewe.

Kwi.

"Nini hicho?" akauliza Bwana Galbraith.

"Panya," akasema Bi Elspeth.

"Panya gani huyo, Mama," nikasema, "analia upepo wa kaskazini ukivuma tu?"

Mume wangu Struan akaitwa kutoka zizini, akaja na bisibisi na matope yake. Akabandua ubao mmoja uliofunika ukuta kwa ndani, Bwana Galbraith akamulika tochi. Ndani ya unene wa ukuta kulikuwa na vibao viwili vya kufungia dirisha, vimekunjwa vizuri, na bawaba moja yenye kutu ikichezeshwa na upepo.

"Hakuna fundi anayefungia mwanga ambao haupo," akasema Bwana Galbraith, akaandika.

Nilijiandaa kwa vita. Bi Elspeth akaketi kitandani kwa Morven.

"Struan alilala humu akiwa mchanga," akasema. "Nikamwomba baba yake dirisha. Akasema tutaganda. Akaenda mjini, akarudi na kopo la rangi."

Hatukujua tucheke au tunyamaze. Akacheka yeye kwanza, mpaka akajifuta macho kwa aproni.

"Miaka arobaini naosha jiwe, mwanangu. Ningemwambiaje mtu?"

Ruhusa ilikuja Mei, mwashi akaja Juni. Jumamosi ya kwanza Bi Elspeth akapanda ngazi na ndoo yake ya siki, akasugua kioo kipya kwa nguvu zilezile za jiwe, macho kwenye kitambaa. Ndani, Morven alisimama kitandani na gauni la kulalia, jua limemjaa usoni, akabandika pua kiooni.

"Bibi, nakuona."